Nywele za Seweryn

Zalesice, 20 Oktoba 1864

Binti yangu mpendwa Otylia,

Natumaini wewe na Teofil hamjambo, na kwamba kile kikohozi chake cha kila vuli hakijamlaza. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua, lakini hayo nimeyazoea kama mtu anavyozoea majirani wabaya.

Barua hii anakuletea Lejzor, yule muuza vitambaa, aliyenifaa tangu baba yako yu hai. Usijibu kwa posta hata siku moja. Barua za posta zinasomwa na watu wengi kabla yako, na baadhi yao hawajui hata kuufunga tena mhuri vizuri.

Habari ya ndugu yako ni hii. Amehukumiwa miaka kumi ya migodi, kule Siberia, kwa yale maasi dhidi ya Warusi. Nilimwona mara moja tu, kupitia uzio wa gereza la Lublin. Wamemnyoa nusu ya kichwa, upande wa kulia mpaka ngozi, kama wanavyowafanyia wauaji, ili akitoroka ajulikane. Alijaribu kunichekesha. Akasema, "Mama, angalau sasa nalipia nusu kwa kinyozi." Kisha akakohoa, na alipofuta mdomo aliificha leso mfukoni haraka. Mimi ni mama yake, niliiona. Yule hatamaliza mwaka mmoja migodini, Otylia. Nakwambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Sasa usikasirike. Kinyozi wa gereza ni mtu anayependa pombe ya plamu, na mimi ninayo. Amenipa nywele za Seweryn zilizofungwa kwenye karatasi. Kwanza nilitaka kuzihifadhi tu. Halafu nikafikiri, nywele zinahifadhiwa za wafu. Basi nimetandika kitani chenye upana wa meza yetu ya chakula na nimeanza kutarizi: barabara ya theluji, wanaume kwenye minyororo wanakwenda mashariki. Wa kwanza mbele ni yeye, na kichwa chake nimekitarizi kwa nywele zake mwenyewe.

Wanawake wa parokia walipoona walitaka na wao. Kila mmoja anakwenda kwa kinyozi, na kila mmoja anatarizi kichwa cha mtu wake kwa mkono wake mwenyewe, hata kama mshono wake ni mbaya. Hiyo ndiyo sheria yetu. Mimi natarizi miili, minyororo na jina chini ya miguu. Tunakaa chumba cha chakula mchana kweupe, na akiuliza mtu tunasema tunatengeneza kitambaa cha altare. Padri Hieronim anajua na hajui.

Nakubusu machoni,
Mama yako

—

Kraków, 12 Novemba 1864

Mama yangu mpenzi,

Nabusu mikono yako. Sisi tu wazima, Teofil anakohoa lakini anakula, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Wasiwasi wangu ni wewe.

Mama, umepata wazimu? Watu wamefungwa kwa kuvaa gauni jeusi la kuiombolezea nchi, na wewe unaandika majina ya wafungwa kwenye kitani, kwa herufi ambazo hata askari asiyejua kusoma atazipeleka kwa anayejua. Majina mangapi? Na kila jina lina mama yake pale mezani. Kama kikipatikana, wametengenezewa orodha. Kichome. Seweryn nywele zitaota, shingo yako haioti.

Usinione sina moyo. Tangu nipate barua yako nimemlilia mpaka Teofil akaniletea kiti nikae, maana nilikuwa nalia nimesimama jikoni. Ila kulia hakumtoi mtu mgodini. Teofil ameandika ombi, kwa Kirusi safi, kwamba Seweryn ana ugonjwa wa mapafu na apelekwe kuishi kijijini huko huko Siberia badala ya migodi. Anasema maombi ya namna hii hukubaliwa, ila lazima kapteni wa wilaya yako atie sahihi kwamba familia ni ya watu watulivu. Nimeliambatisha. Nenda kwake, Mama, vaa vizuri, mwite "Mheshimiwa", na umeze unachotaka kusema.

Familia tulivu, Mama. Ndiyo maana nasema kichome.

Bintiyo,
Otylia

—

Zalesice, 27 Desemba 1864

Binti yangu,

Ndani ya barua kuna nusu ya kaki yetu ya Krismasi, ile ya kumegeana mkesha. Itakuwa imevunjika njiani, najua, nawe umegeane na Teofil hivyo hivyo. Mkesha tulikuwa watu wawili mezani, mimi na Marcjanna Kozub, mama wa wale vijana wawili wa kwenye kinu. Nilimkaribisha kwa sababu wote wawili wamechukuliwa. Ile sahani ya mgeni asiyetarajiwa tuliiweka, na tulikula supu ya viazi vyekundu bila kuitazama.

Seweryn ameondoka tarehe tatu. Nilisimama barabarani na wenzangu. Walikuwa wanatembea wawili wawili. Nilimpa joho la baba yako kupitia mikono ya askari mmoja mzee wa Kirusi, ambaye alilipokea na akampa kweli, Mungu ambariki hata kama ni mmoja wao. Nilitembea nao mpaka daraja la pili, pale tukarudishwa.

Nimekwenda kwa kapteni. Nilivaa gauni la kijivu. Akaniuliza kama si jeusi. Nikamwambia lilikuwa jeusi zamani, mvua za serikali yake zimelichujua. Ile niliisema moyoni, kwa mdomo nilisema "Hapana, Mheshimiwa." Ombi amelipokea na kuliweka kwenye saraka. Nikampigia na magoti, haya haya mabovu, nikamwomba kibali cha kumfuata mwanangu nimpikie na nimfulie. Akasema ruhusa hiyo hutolewa kwa wake, si kwa mama. Nikamwambia mke hana, ana mimi. Akasema aoe basi, akacheka, na yule karani wake akacheka pia kwa sababu ndiyo kazi yake.

Kitambaa sijakichoma. Wamefika ishirini na wanne.

Mama yako

—

Kraków, 24 Aprili 1865

Mama yangu,

Nabusu mikono yako na nakuomba radhi kwa miezi hii minne. Lejzor alizuiwa mpakani majira yote ya baridi na mimi sikuthubutu kumtuma mtu nisiyemjua. Sasa hapa Kraków, upande huu wa Austria, hali ya hatari imeondolewa na watu wanapumua. U mzima? Magoti je? Umepata lolote kuhusu ombi?

Ninakuja kwenye jambo ambalo litakushangaza kutoka kwangu. Nilimsimulia Bi Leontyna, mwenyekiti wa kamati yetu ya akina mama, habari ya kitambaa. Sikutaja majina. Aliacha kikombe chake mezani akaniambia, "Huyo mama yako ni nani kweli?" Wanataka kukitundika hapa, kwenye ukumbi wa nyumba yake. Watakuja waandishi wa magazeti kutoka Vienna na Paris. Dunia imeambiwa kwamba kwetu kumetulia, Mama. Haiwezi kusema hivyo mbele ya nywele za watu.

Nilikosea niliposema ukichome. Kilete. Mpe Lejzor, yeye atajua namna.

Bintiyo,
Otylia

—

Zalesice, 8 Mei 1865

Otylia,

Nakusalimu wewe na mumeo. Mimi nalala vibaya na sili, kwa hiyo usiniulize afya.

Mdomo huponza kichwa, na mdomo wa yule kinyozi umeponza vichwa vyetu vyote. Wakati wa Pasaka alilewa pombe yangu mwenyewe, akajisifu barazani kwamba mabibi wa Kipolandi wanabusu vumbi la sakafu yake ili wapate takataka za mkasi. Akanitaja mimi kwa jina. Wengine alisema tu "wanawake wengi", maana hajawahi kujishughulisha kujua majina ya wake za wakulima. Hilo ndilo lililotuokoa mpaka leo.

Kapteni hakuja na askari. Alikuja peke yake, akavua kofia, akala keki yangu. Akasema, "Mama, mimi si mtu mbaya. Na mimi nina mama, yuko kwetu Tula, Urusi, naye anatarizi." Kisha akatoa lile ombi letu kwenye koti lake akaliweka mezani karibu na keki. Halina sahihi. Akasema, "Najua kuna kitambaa cha nywele. Kilete ofisini kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe ishirini na nne Juni. Ukikileta mwenyewe, nitatia sahihi mbele yako, na ombi la mwanao litaondoka na tarishi siku hiyo hiyo. Nikija kukitafuta mwenyewe, hakuna ombi."

Nilimuuliza atawafanya nini wale wenye majina. Akasema, "Wewe una mtoto mmoja wa kiume, Mama. Fikiria huyo mmoja."

Nimepata karatasi ya Seweryn kutoka Tobolsk, kule Siberia, ya mwezi wa pili. Mkono si wake, ameandikiwa na mwenzake. Maana yake hawezi kushika kalamu. Migodini bado hawajafika, wanangoja barabara zikauke.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nitakipeleka, Otylia. Usinihubirie, nimeshajihubiria.

Mama

—

Kraków, 19 Mei 1865

Mama,

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema unatania.

Utawapeleka wale wanawake ofisini ukiwa umewakunja chini ya kwapa? Marcjanna uliyekula naye mkesha wa Krismasi? Wao walikuamini wakakaa mezani kwako. Watapelekwa huko huko wana wao walikopelekwa, na mashamba yao yatachukuliwa, na watu wa Zalesice watasema kwa vizazi kwamba mama wa Seweryn aliwauza. Seweryn mwenyewe hatakubali. Unamjua. Akijua amepona kwa bei hiyo atakataa hata mkate.

Nchi nzima inawalilia watoto wake, si wewe peke yako. Kitambaa kile si chako tena.

Ukikipeleka kwa kapteni, usinitafute. Nitasema mama yangu alikufa, na hapa Kraków nitapewa ruhusa ya kuvaa nyeusi bila kuulizwa.

Otylia

—

Zalesice, 30 Mei 1865

Otylia,

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Unakaa upande wa pili wa mpaka, unakunywa kahawa na Bi Leontyna, na unanifundisha nchi. Nchi niliizaa mimi, kwa siku mbili, mwezi wa Februari, na mkunga amechelewa. Ina kikohozi. Inaitwa Seweryn.

Unasema kitambaa si changu. Mtoto je? Naye ni wa kamati?

Zimebaki siku ishirini na tano. Usiandike.

Apolonia

—

Kraków, 2 Julai 1865

Mama, Mama yangu,

Ulinikataza kuandika. Naandika. Nakubusu mikono na miguu, na sijui hata kama barua hii itakukuta nyumbani. Siku ya Mtakatifu Yohana imepita na sijasikia neno.

Jana alikuja Lejzor na mto mkubwa wa manyoya, na mkewe, na watoto wake wote watano, kana kwamba wanahama. Akaomba mkasi. Akaupasua mto sebuleni kwangu, manyoya yakajaa mpaka kwenye chai ya Teofil, na ndani kilikuwamo kitambaa. Nikamuuliza wewe umesema nini. Akasema, "Hakusema. Alinipa mto, akaniambia, Lejzor, usiulalie." Nikamuuliza barua iko wapi. Akasema hakuna barua.

Nilikitandika sakafuni. Sijawahi kuona kitu kama hicho maishani mwangu. Thelathini na mmoja niliwahesabu, kila kichwa na rangi yake, mweusi, mwekundu, kijana mmoja mweupe kabisa kama kitani chenyewe. Vichwa vingine vimeshonwa vibaya na naona mkono uliotetemeka. Wana wa Marcjanna wapo, wamefungwa mnyororo mmoja. Majina yote yapo.

Lakini mbele ya wote hapana mtu. Mnyororo wa wa pili unakwenda mbele na kuishia hewani. Niliinama karibu nikaona matundu ya sindano, madogo, maelfu, na ukiyafuata kwa kidole yanatoa umbo la mtu mrefu aliyevaa joho. Umemfumua. Umemfumua Seweryn, Mama, na mimi nilikuandikia yale maneno.

Bi Leontyna amekiona. Anataka nafasi ile ijazwe tai mweupe, yule ndege wa nembo ya nchi, kabla waandishi hawajaja. Nimemwambia asubiri niulize mwenye kitambaa. Niambie nini kimetokea. Niambie nifanye nini. Nitukane ukitaka, ila andika.

Bintiyo, kama bado wanikubali,
Otylia

—

Lublin, gerezani, 6 Agosti 1865

Binti yangu mpendwa Otylia,

Natumaini hamjambo nyote na kwamba manyoya yametoka kwenye chai. Mimi ni mzima. Barua yako imenifikia kwa mkono wa watawa wanaotuletea supu, na hii itatoka kwa mkono huo huo, kwa hiyo naandika kwa herufi ndogo.

Usiombe radhi. Ulisema kweli, ila uliisema kwa ulimi mbaya, na ulimi huo umeurithi kwangu.

Nitakuambia ilivyokuwa. Wiki moja kabla ya sikukuu nilikwenda nyumba kwa nyumba. Sikuweza kukitoa nyuma ya migongo yao. Nilitaka waniambie wenyewe, "Kipeleke, Bi Apolonia, umwokoe mwanao," ili nilale. Wengine walilia. Wengine walinifungia mlango, na sikuwalaumu. Wa mwisho alikuwa Marcjanna. Alikuwa anapalilia kabichi na hakusimama. Nikamweleza yote. Akasema, "Bi mkubwa, wewe una karatasi ya kumwombea mwanao. Una mkwe anayejua Kirusi. Wanangu hawajui kuandika majina yao wala mimi sijui. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba walikuwepo ni pale kwenye kitambaa chako." Kisha akasema, "Lakini ukitaka kipeleke. Mimi nitasema nilitarizi vichwa viwili, na nitaomba wanipeleke walipo." Akaendelea kupalilia.

Otylia, nilirudi nyumbani nikakaa mbele ya kile kitani mchana mzima. Nilimchukia yule mwanamke. Nilitaka awe mbaya, nipate sababu.

Kapteni alikuwa anajua habari ya nywele na alikuwa anajua jina langu. Asingeondoka mikono mitupu, na nywele za mtu mwingine sikuwa na haki ya kutoa. Basi nilichukua mkasi mdogo nikamfumua Seweryn. Wiki tano za kazi zilifumuliwa kwa siku moja. Nywele zilikatika nyingi, zilizobaki zilinitosha kwa kichwa kidogo tu. Nikamtarizi upya kwenye leso, peke yake, na jina lake na langu chini. Mto nikampa Lejzor. Nilingoja siku nne mpaka nikajua amevuka mpaka, kisha nikaenda ofisini.

Kapteni aliitandaza leso mezani. Akauliza, "Wengine wako wapi?" Nikamwambia, "Mtoto wa kiume nina mmoja, Mheshimiwa. Wewe mwenyewe ulisema nimfikirie huyo." Akasema kinyozi ameona wanawake wengi. Nikamwambia mlevi kila kitu anakiona mara tatu. Karani alicheka, akanyamazishwa.

Hakupiga kelele. Alitoa ombi la Teofil kwenye saraka, akalipasua vipande vinne taratibu, huku ananitazama kama nitasema kitu. Ningeweza kusema. Mpaka kipande cha tatu bado ningeweza, na majina yote thelathini na moja yalikuwa mdomoni. Nataka ujue hivyo, usije ukawaambia watu kwamba mama yako alikuwa jasiri. Nilishika ukingo wa meza na nikanyamaza, basi, mpaka akaita askari wanilete hapa. Seweryn huenda nimemuua kwa kunyamaza kule, na kila asubuhi naamka nalo hilo.

Kuhusu nafasi ile: mwambie Bi Leontyna tai akamtarizi kwenye kitani chake. Pale pasijazwe na mtu. Matundu yale ni kazi yangu pia. Akiuliza mwandishi, mwambie mama wa huyu alihitaji nywele mahali pengine.

Sasa hukumu. Imesomwa juzi. Wamenihukumu kuhamishwa, miaka mitano, wilaya ya Tobolsk. Yule msomaji alinitazama nadhani akitegemea nitaanguka. Nilimwomba airudie. Akairudia. Otylia, nilipiga magoti Desemba nikaomba kupelekwa upande huo nikaambiwa si haki ya mama. Sasa wananipeleka wenyewe, na kwa gari la farasi, kwa sababu ya magoti. Ilibidi nifunike uso kwa shali ili wasinione.

Kama yuko hai nitamkuta. Kama hayuko nitajua alipolala, na ni zaidi ya alichonacho Marcjanna. Mtembelee kwa barua, padri atamsomea. Mwambie wanawe wametundikwa kwenye ukumbi na watu wanavua kofia.

Tunaondoka wiki ijayo. Nitumie kupitia kwa watawa soksi za sufu, jozi mbili, nzito kabisa. Moja ya mguu wangu. Nyingine ifume kubwa, ya mguu wa kiume, na kisigino ukifume mara mbili, anavitoboa.

Nakubusu machoni, mwanangu,
Mama yako